Sahani ya Tatu Chini ya Mforsadi

Béthune, Jumapili 8 Machi 1987

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini huko Paris nawe u mzima. Leo kwenye dîner Mama alipika liki na viazi. Baada ya hapo mvua ikatufungia ndani alasiri nzima, hata ikafika saa ya souper hatujatoka nje ya mlango.

Hakimu amesema Julai ni yako na Agosti ni ya Mama. Kwenye simu uliniambia nichague mimi kambi ya kupiga hema huko kusini. Mama naye ameniambia vivyo hivyo, bila kujua kwamba wewe umeshasema. Kwa hiyo nina likizo mbili za kuchagulia na kitabu kimoja cha kambi, kile chako chenye doa la kahawa. Uliposafiri hukukichukua. Sijui kama ulikisahau au uliniachia.

Tafadhali niandikie unataka nini: kivuli au jua, mto au bahari, vyoo vya kukaa au vya kuchuchumaa. Mama anataka vya kukaa. Alisema, "Mwaka huu sichuchumai kwa ajili ya mtu yeyote." Nilicheka, yeye hakucheka.

Mwanao,
Ludivine


Paris, 19 Machi 1987

Ludi wangu,

Kivuli! Nikipata kivuli cha kulalia mchana na ardhi inayokubali kigingi, mimi sina neno. Bahari hapana. Sitaki kulala nikisikia mtu wa hema la pili akikoroma kama vile amelala kwenye mto wangu. Likizo yangu inaanza katikati ya Julai, kwa hiyo tutakuwa pamoja nusu ya pili ya mwezi.

Kitabu nilikuachia.

Huku siyo kubaya. Gereji ni gereji, mafuta ni yale yale. Chumba ni kidogo lakini sasa kina mapazia ya manjano. Baada ya dîner nafungua dirisha, natazama giza likishuka juu ya mapaa, nawaza wewe unafanya hesabu zako. Usiumize macho.

Mwambie mama yako bomba la jikoni hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Atakuwa analipigania.

Baba


Béthune, Jumatano 1 Aprili 1987

Kwa Bibi Mwenye Kambi ya La Clapasse,
Montrézac

Bibi Mheshimiwa,

Ninaitwa Ludivine Delbecque, nina miaka kumi na mitatu. Mwalimu wetu ametufundisha kwamba barua ya kuomba jambo hueleza jambo hilo mapema, nami nitajitahidi. Naomba kiwanja kimoja cha hema, chenye kivuli, nusu ya pili ya Julai kwa ajili yangu na baba yangu. Kisha naomba kiwanja hicho hicho, Agosti, kwa ajili yangu na mama yangu. Je, vyoo ni vya kukaa?

Kitabu kinasema wageni wa Julai huondoka kabla ya saa sita mchana, na wageni wa Agosti huingia kuanzia saa nane. Hapo ndipo penye ombi langu gumu. Tarehe mosi Agosti, nchi nzima ikipishana barabarani, hawa wakirudi na hawa wakishuka, ningependa wazazi wangu wasipishane. Ningependa wakutane kwenye kiwanja, wakae mezani, wale pamoja mara moja. Tangu Baba aondoke huongea kwa simu tu, na ni kuhusu soksi zangu na daktari wa meno. Lakini kwenye hema walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nikilala katikati, nikiwasikia wote wawili.

Sijamwambia mtu mwingine sababu hii. Wao nitawaambia ni kwa ajili ya kupunguza safari.

Wako mtiifu,
Ludivine Delbecque


Montrézac, 10 Aprili 1987

Binti Ludivine,

Vyoo vinne vya kukaa, viwili vya kuchuchumaa kwa wenye haraka.

Nakuambia ukweli, maana wageni huja kunilaumu baadaye. Clapasse kwa lugha ya kwetu ni rundo la mawe. Huku vigingi hupinda. Kiwanja pekee chenye udongo laini na kivuli cha kutosha ni kile cha chini ya mforsadi, na mti huo hudondosha matunda meusi yanayotia madoa ya zambarau yasiyotoka. Kina meza ya mawe aliyoijenga mume wangu Alban, nzito kama mwenyewe. Ukikubali madoa, ni chenu Julai na Agosti.

Kanuni ya saa sita na saa nane niliiandika mimi, basi nitajua mimi namna ya kutoiona siku hiyo. Wale wanapotaka kula.

Mimi si mtu wa kutabiri mambo ya ndoa. Meza ipo, hilo ndilo ninaloweza kukuahidi.

Paulette Rouvière


Béthune, Jumapili 26 Aprili 1987

Baba mpendwa,

Nimechagua. Nilikuwa na kambi tatu nilizokunjia kurasa. Moja ni ya baharini, nikaikata kwa sababu ya wanaokoroma. Ya pili ina bwawa la kuogelea lakini miti yake imepandwa juzi, kivuli chake hakimfuniki hata paka. Ya tatu ni La Clapasse, karibu na mto, chini ya mti mkubwa. Mama amekubali tuchukue kiwanja hicho hicho Agosti, ili asinifuate Paris wala wewe usinirudishe Béthune. Mtapokezana hapo hapo.

Baba, nina ombi. Tarehe mosi Agosti usiondoke kabla Mama hajafika. Baki kwa dîner, tule sote watatu. Mara moja tu.

Umesema baada ya dîner unatazama giza likishuka. Nadhani gereji wanakuchelewesha sana kula. Mwambie bosi wako siyo vizuri kwa tumbo.

Sikujua kwamba unaweza kushona mapazia.

Mwanao,
Ludivine


Paris, 9 Mei 1987

Ludi,

Umechagua vizuri kuliko mimi miaka yote. Unakumbuka ile kambi yangu ya kando ya reli? Mama yako alisema treni ilipita katikati ya ndoto yake ikashusha abiria.

Sawa. Asubuhi ya tarehe mosi nitang'oa hema, nitakwenda mjini Alès kidogo kwa shughuli zangu, nitarudi kwa dîner. Naahidi. Kuna mambo watu wazima wanapaswa kuyazungumza wakitazamana usoni, siyo kwa simu. Huenda mezani chini ya mti ndipo mahali pake.

Baba


La Clapasse, Jumatano 22 Julai 1987

Mama mpendwa,

Tumefika salama. Hema limeshapata madoa ya zambarau, na shati la Baba pia, mgongoni. Bibi Rouvière alimtazama akamwambia, "Bwana, sasa umesajiliwa." Hapa hatuna saa za kula. Njaa ikituita tunakata mkate na tikiti, tunakaa mtoni mpaka vidole vinakunjamana.

Baba ni mkimya kuliko zamani, lakini siyo mkimya wa hasira. Ameniuliza mara mbili kama kweli unakuja. Jana nikamwuliza, "Utabaki kwa dîner siku hiyo?" Akasema, "Si nimeshaahidi?"

Kwa hiyo tarehe mosi tutakuwa watatu mezani. Mama, lile gauni lako la kijani bado linakutosha. Nasema tu.

Mwanao,
Ludivine


Béthune, 27 Julai 1987

Ludivine,

Gauni liache na mambo yake.

Nitaondoka Ijumaa baada ya souper niendeshe usiku, nipite kabla barabara hazijajaa, nifike Jumamosi kwa wakati wa dîner. Nitaoka keki ya sukari. Usimwambie baba yako kuhusu keki. Akiiona ataiona.

Vaa kofia.

Mama


Paris, 5 Agosti 1987

Ludi,

Sitaki kukuingiza kwenye ugomvi ambao siyo wako. Lakini nilikuja, na ninataka ujue hivyo. Nilirudi kama nilivyoahidi, nimeoga, nimenunua tikiti na chupa ya divai. Mlikuwa mmeondoka. Hata karatasi ya maneno mawili hamkuniachia.

Niliondoka mapema asubuhi ili mama yako apumzike kwanza na safari yake. Kama hakutaka kuniona, angeweza kusema mwezi Mei. Asingeniacha nimesimama pale mbele ya wageni wa watu kama muuza mazulia.

Sikukasirikii wewe. Niandikie umefika wapi.

Baba


Béthune, Jumatano 12 Agosti 1987

Baba,

Tuko nyumbani. Hatukuwa na likizo.

Mama alifika asubuhi. Alikuwa amevaa lile gauni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini alikuwa akiimba. Alitandika kitambaa juu ya meza ya mawe, akapanga sahani tatu, keki akaifunika kwa taulo isipate madoa. Tukangoja. Mkate ukakauka. Kila gari lililoingia getini nilisimama. Mama akasema, "Kaa, Ludivine, utamtisha baba yako." Saa tisa ilipopita akanyanyuka, akakusanya vitu akasema, "Ingia garini." Nikamwambia labda barabara imejaa. Akasema, "Kwa baba yako barabara imejaa miaka miwili sasa."

Tulitafuta kambi nyingine mpaka baharini. Zote zilikuwa zimejaa, tukalala garini. Asubuhi akageuza kurudi kaskazini. Keki ilibaki kiti cha nyuma na hatukuila.

Unasema ulikuja. Mimi nilikuwa pale, Baba. Sikukuona.

Ludivine


Montrézac, 20 Agosti 1987

Binti Ludivine,

Nimekuwa na kambi iliyojaa mpaka shingoni, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Mliacha sahani moja, yenye maua ya buluu. Ninayo jikoni kwangu.

Nakueleza nilichokiona, kwa sababu ulinieleza yako. Mliondoka alasiri. Jua lilipozama baba yako akaingia na tikiti mkononi, nywele zimechanwa kama za komunyo ya kwanza. Akaniuliza, "Wameenda kuoga?" Nikamwambia mmeondoka tangu mchana. Akasema, "Lakini tumeahidiana dîner!" Nikasema, "Bwana, dîner ilipoa zamani." Akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Sahani ya tatu ilikuwa bado pale mezani, na kisu upande wa kushoto, ambao siyo mahali pa kisu. Akakaa mbele yake. Alikaa mpaka tukawasha taa. Tunda likadondoka ndani ya sahani, hakulitoa.

Alban ndiye aliyegundua, tukila supu yetu. Huku kwetu sisi wazee tunasema kama nyinyi wa kaskazini: dîner ni saa sita mchana, souper ni jioni. Paris siyo hivyo. Wao saa sita wana jina lingine, na dîner ni chakula chao cha usiku. Alban akaweka kijiko chini akasema, "Maskini, jamaa amekuwa Mparisi na mwenyewe hajui."

Sahani niitume kwa posta? Naogopa itavunjika.

Paulette Rouvière


Béthune, Jumamosi 29 Agosti 1987

Baba mpendwa, mpendwa sana,

Naomba unisamehe kwa barua yangu ya mwisho. Nimepata barua ya Bibi Rouvière na sasa najua yote. Ni neno tu! Ulisema dîner ukimaanisha jioni, sisi tukasikia mchana. Wewe ulikuja kwa wakati wako na sisi tulingoja kwa wakati wetu. Hakuna aliyekosea, Baba. Hakuna hata mmoja. Kambini tulikula bila saa, ndiyo maana sikugundua, ingawa uliniandikia kuhusu giza na mapaa, na mimi nikamlaumu bosi wako.

Niliiacha barua mezani makusudi. Mama aliisoma amesimama, na koti bado mwilini. Akasema, "Mparisi!" akacheka. Nimemsikia mimi, amecheka. Kisha akaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Baba, sasa kwa kuwa tumejua ni neno tu, je, unaweza kuja? Siyo lazima tungoje Julai. Njoo Jumapili yoyote, Béthune. Nitaandika saa kwa tarakimu.

Mwanao,
Ludivine


Paris, 13 Septemba 1987

Ludi wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Kule mtoni uliniambia mwalimu wako anasema jambo lielezwe mapema. Basi nieleze.

Sikuwa nimekuja La Clapasse kurudi nyumbani. Nilikuja kuaga vizuri. Ninaishi na mtu, anaitwa Corinne. Mapazia ya manjano aliyashona yeye. Januari tutapata mtoto. Niliona aibu kumwambia mama yako kwa simu, nikasema nitamwambia mezani, tukitazamana. Ulipoomba dîner ile nilidhani umenirahisishia kazi. Sikujiuliza wewe ulikuwa unaombea nini. Hapo ndipo kosa langu, na neno halihusiki.

Nilipokaa mbele ya sahani ile niliona kisu kimewekwa kushoto. Bibi Rouvière hajui kwamba mimi hutumia mkono wa kushoto. Mama yako anajua. Amekuwa akiniwekea hivyo tangu tulipooana. Nikaelewa kwamba naye alikuwa na lake alilolingoja, na hakumwambia mtu. Ningefika saa sita, ningemwambia habari za Corinne juu ya keki yake.

Nimemwandikia yeye pia, leo hii. Barua zitafika pamoja. Msomee wewe kwanza uso wake, kisha ukae karibu naye.

Sijui ni siku gani nilianza kukiita chakula cha jioni dîner. Hakuna aliyenifundisha.

Baba yako


Paris, Jumapili 18 Oktoba 1987

Ludi,

Mwezi umepita bila barua yako, na sikulaumu. Mama yako alinijibu mistari miwili. Alisema anajua, na kwamba bomba la jikoni limepona.

Likizo ya Watakatifu Wote inakuja. Kama utataka, na kama utakataa pia nitaelewa, panda treni ya Jumamosi. Nitakungoja kwenye jukwaa, karibu na saa kubwa, nimevaa lile shati. Madoa hayajatoka. Corinne amejaribu limau, chumvi na maziwa, kisha akasema shati hilo ni lako, Ludi, si langu.

Nitapika mimi. Liki na viazi. Tutakula souper.

Baba


Béthune, Jumapili 18 Oktoba 1987

Baba mpendwa,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, sikujua nikuombe nini.

Mama amenikatia tiketi ya treni nije kwako likizo ya Watakatifu Wote, hata kabla hujaniita. Wiki ya kwanza baada ya barua yako alikuwa akilala na taa inawaka. Sasa anaizima. Jana akaniuliza, "Huyo Corinne anakula nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize baba yako. Siyo kwamba namjali, lakini mtu mwenye mimba asile jibini laini." Kisha akaoka keki ya sukari na kuifunga kwa karatasi nije nayo. Hakusema ni ya nani.

Agosti ijayo tunarudi La Clapasse, mimi na yeye. Amemwandikia Bibi Rouvière mwenyewe, kiwanja cha watu wawili, chini ya mti ule ule. Nilimwuliza kuhusu sahani. Alisema ikae huko huko, haina haja ya kusafiri.

Kuhusu Julai, nakuja na kitabu cha kambi. Kwa mtoto mchanga nimeona tusiende kwenye mawe wala karibu na mto. Nimekunja ukurasa mmoja, mahali pa milimani penye miti mikubwa na vyoo vya kukaa. Nitakuonyesha, na Corinne, kama atapenda kuona.

Nitafika Jumamosi jioni, kwa wakati wa dîner. Namaanisha ya kwenu.

Kisu changu huwekwa upande wa kulia, kama umesahau.

Mwanao,
Ludivine